Suruali Iliyochuja Rangi

Rangi nyekundu ilianza kuchuruzika pale wapiga zumari walipoingia wimbo wa pili.

Mvua yenyewe haikuwa ya maana. Ilikuwa yale manyunyu ya Agosti ambayo watu wa bonde la Inverlosk hawayafungulii mwavuli. Wanaume wawili waliobeba miti ya kuning'inizia suruali ya kale ya ukoo walikuwa wamefika katikati ya uwanja wa michezo. Umati ulikuwa umenyamaza, wazee wamevua kofia, na Inspekta Torquil Gunn naye kavua yake, maana alizaliwa bonde lile lile na adabu hiyo aliinyonya kwa mama. Mara mbebaji wa kushoto akahisi kitu kikimtiririkia kwenye mkono wa shati. Akatazama, akapiga ukelele.

"Damu!"

Damu wapi! Ilikuwa rangi ya dukani. Suruali iliyovaliwa vitani zaidi ya miaka mia mbili nyuma, ikafukiwa kwenye mboji wakati askari wa mfalme walipoyapiga marufuku mavazi ya milimani, ikanyeshewa na kuanikwa vizazi na vizazi, leo ilikuwa inachuja kama kanga ya bei poa. Zumari zikakatika moja baada ya nyingine, ya mwisho ikilia peke yake kama ng'ombe aliyesahauliwa zizini.

"Hii siyo!" Mwanamke aliyetembea nyuma ya miti alikuja mbio, akaushika mguu wa suruali, akautazama kiganja chake chekundu. Huyo ni Bi Effie Rankin, mtunza jumba la Inverlosk, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye mdomo usioogopa mtu. "Jamani, hii siyo! Nani kaichukua?"

Sir Ranald, mwenye jumba na mkuu wa ukoo, alisimama kitini mwake. Uso wake ulikuwa umeiva kushinda ile rangi.

"Nani kaichukua? Kabati la kioo lina ufunguo mmoja, Rankin, nao unaning'inia shingoni mwako. Bonde zima linajua. Mwizi ni wewe!"

Watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Bi Effie aliushika ule ufunguo shingoni, ukapata rangi nyekundu.

"Na usirudi kwenye nyumba yangu ya getini unamokaa," Sir Ranald aliongeza, "ila kufungasha vitu vyako."

Gunn alikuwa keshavaa kofia. Moyo ulimdunda kwa furaha ile ambayo askari mzuri huionea aibu kidogo. Kumbe wizi wenyewe ulikuwa mbichi. Kabati lile hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka, asubuhi ya michezo, mbele ya mashahidi, na asubuhi hii yeye mwenyewe alikuwepo, akaiona suruali ya kweli ikitoka. Basi ilibadilishwa kati ya kabati na uwanja, na haijafika mbali.

"Petrie!" aliita. "Funga lango. Asitoke mtu, lisitoke gari, asitoke hata kondoo."

"Kondoo nao nawapekua, afande?" Konstebo Dougal Petrie alikuwa mtoto wa mjini, wa Glasgow, mnene kama pipa, na mambo ya milimani aliyaona yote ni vichekesho.

"Wapekue mpaka wacheke."

*

Walimhoji Bi Effie katika chumba kidogo nyuma ya jiko la jumba. Humo ndimo suruali hufukizwa kila mwaka moshi wa mboji, udongo mweusi wa huko unaochomwa kama kuni, kabla ya kutolewa, ili nondo waikimbie. Moto ulikuwa bado unafuka. Ile suruali ya bandia ilikuwa mezani, imelowa, imebandikwa kwa pini kwenye kitambaa cha kitani kama ilivyo desturi, mbele yake ikitazama watu.

"Nieleze tangu mwanzo, mama," Gunn alisema. "Polepole."

"Polepole ya nini, na mwizi anakwenda mbio? Nimeitoa kabatini ikiwa na kitani chake. Nimeitundika hapo, mbele ya moto. Nikaenda kuchukua ile miti. Miti haikuwa mahali pake! Mwaka nenda mwaka rudi inakaa nyuma ya mlango wa jiko, leo haipo. Nimehangaika, nimeikuta nyuma ya banda la kuni. Nimerudi, nimeifunika suruali kwa shuka, nimewapa wabebaji. Basi."

"Uliitazama kabla ya kuifunika?"

"Wewe ukiamka asubuhi, mkeo unamtazama kama ndiye?"

Petrie alikohoa kuficha kicheko. Gunn aliandika: *miti ilifichwa*. Kama ni kweli, mtu alitaka mjane huyu akawie. Kama si kweli, hadithi ilikuwa nzuri mno.

"Tukiikamata ya kweli, utaitambuaje?"

Bi Effie alinyooka. "Kwa mkono wangu mwenyewe. Mwaka ule wa theluji kubwa, nondo waliila nyuma, kwenye mshono wa shavu la mguu, mguu wa kulia. Nyekundu yake sikuwa nayo, haiuzwi tena. Nikaiziba kwa uzi wa buluu. Nyuma nani ataona? Tafuta uzi wangu wa buluu."

Kalamu ya Gunn ilisimama.

"Mshono wa wapi, umesema?"

"Wa nyuma. Unaopanda toka kisigino mpaka juu."

Gunn aliichomoa ile ya bandia kwenye pini, akaigeuza. Nyuma ilikuwa laini, miraba imepangana mshazari bila kukatika. Upande wa nje hapakuwa na mshono. Mshono ulikuwa mmoja tu, ndani ya paja, safi kabisa. Mkono wa fundi hodari.

"Mama," alisema, na sauti yake ikapoa kuliko alivyotaka, "nimevaa trews, suruali hizi za miraba, jeshini vita vizima. Mshono wake ni huu mmoja, wa ndani. Nyuma hakuna. Sajenti wetu alikuwa akituambia, ukiona mshono mwingine ujue umevaa pajama. Wewe umeziba mshono gani?"

"Niliouziba ni niliouziba."

"Trews haina mshono huo."

"Ya jeshi labda. Mimi sijashona ya jeshi."

Bi Effie alimkazia macho, macho yale yale yaliyokuwa yakimfukuza kwenye miti ya matofaa alipokuwa mtoto.

"Jessie mama yako angeniamini, Torquil," alisema. "Tena bila kunikodolea macho hivyo."

Neno lilimchoma. Lakini kazi ni kazi, na mbele ya kazi alimwona shahidi aliyetoa alama ya kuitambua mali, na alama hiyo haiwezekani. Hakimu yeyote angemmaliza kwa dakika.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Petrie, aliyekuwa ameitwa nje na mpishi, aliingia akipepea kitu juu ya kichwa.

"Nimeipata! Afande, nimeipata! Kapu la nguo chafu, ghorofani!"

Wote watatu waliivamia. Miraba ya ukoo, nyekundu na kijani. Gunn aliufunua ukanda wa kiuno, na furaha ikamtoka. Bitana mpya. Kibandiko cha fundi wa London. Mshono mmoja, wa ndani.

"Ukimaliza kuikumbatia, konstebo, naomba unirudishie," sauti ilisema mlangoni. "Nimeimwagia chai wakati wa kustaftahi. Au hilo nalo ni kosa la jinai?"

Alikuwa Kapteni Hew, mpwa wa Sir Ranald, aliyekuja toka London kwa ajili ya michezo. Kijana wa watu, sura ya picha, meno yote mahali pake. Alichechemea kidogo kwa jeraha la vita, ndiyo maana hakuonekana kamwe na kilti, sketi ile ya wanaume wa milimani iachayo miguu wazi, siku zote trews. Alikuwa amevaa koti refu la mvua na buti ndefu za kupandia farasi.

"Samahani, Kapteni," Gunn alisema. "Wewe ulipitisha likizo zako zote za utotoni hapa. Bi Effie anasema suruali ya kale ilikuwa na mshono nyuma ya mguu. Unaukumbuka?"

Kapteni alicheka, akamtazama mjane kwa huruma ya kupaka mafuta.

"Wewe na mimi tumevaa trews, Inspekta. Mshono ni mmoja. Maskini Effie, umri hauna huruma. Niruhusu niende, mimi ndiye mwamuzi wa ngoma, na ikiisha nina treni ya kuwahi. Mjomba anasema lango litafunguliwa ngoma ikiisha. Keshampigia simu rafiki yake, bosi wako."

Ilikuwa kweli. Sir Ranald mwenyewe alikuja kulithibitisha ukumbini. Watu mia kadhaa hawawezi kufungiwa kama kuku kwa sababu ya mtumishi mmoja. Ngoma ya mwisho ikiisha, lango wazi, na Rankin aondoke ndani ya gari la polisi kwenda Inverness. Bi Effie alilisikia hilo akiwa amesimama karibu na moto. Hakulia. Alikunja tu kile kitani, kona kwa kona, kana kwamba kesho atakitumia.

*

"Kuna mmoja bado," Petrie alisema walipotoka nje. Manyunyu yalikuwa yamekatika na jua limetoka, na usubi nao umetoka na jua, unauma watu wote bila ubaguzi. "Mpishi kamwona mwalimu Nicolson akitoka kwa mlango wa nyuma, ananyata, kabla ya gwaride. Na wiki iliyopita kwenye kamati si alisema ataichoma moto suruali?"

Alisema. Gunn alikuwepo. Calum Nicolson, mwalimu mkuu wa shule ya bonde, mtu mfupi mwenye miwani minene, alipiga meza na kuapa kwamba ataichoma kabla haijatundikwa tena chini ya kibao kinachosema jina la vazi hilo limetoka Ufaransa. Damu ikamchemka tena Gunn. Walimkuta kwenye hema la chai, mkate wa shayiri mkononi, na alipoona kofia mbili za polisi mkate ukamponyoka.

"Mwalimu, toa vilivyomo mfukoni."

"Kwa sheria gani?"

"Kwa sheria ya kunyata."

Nicolson aliisukuma miwani yake juu. Akatia mkono ndani ya koti, watu waliokaa karibu wakasimama, Petrie akajiweka tayari. Kikatoka kibao kidogo cha karatasi ngumu.

Kilikuwa kile kibao cha kabatini.

"Nimekiiba," mwalimu alisema, akainua kidevu. "Na nimeweka changu, kabati likiwa bado wazi. Nifungeni!"

"Hicho tu?" Petrie alikaribia kulia.

"Hicho tu? Wewe wa Glasgow unasema hicho tu! Soma hapo. 'Jina hili ni la Kifaransa cha kale.' Uongo! Jina ni letu. *Triubhas*! Sema: tru-as. Ndiyo Waingereza wakalichukua, wakalitafuna kwa meno yao, likawa trews, na mpaka suruali zao wenyewe wakazipa jina hilo hilo. Wao ndio waliotuomba neno!"

"Sir Ranald anasema ni sisi Wagaeli tulioliomba kwa Wafaransa," Gunn alisema, si kwa kubisha, ila alijua mtu akikasirika husema zaidi.

"Wapo wasomi wanaosema hivyo, na wana vitabu, na vitabu vyao nimevisoma. Ushahidi wao unapitisha upepo. Halafu tazama, Torquil, nilikufundisha mwenyewe, ulikuwa husikii na sasa husikii. Mfaransa gani alivaa kitu kile? *Triubhas* ya babu zetu haikuwa suruali kama hizi zenu za jeshi. Ilikuwa soksi! Soksi iliyoanzia kwenye vidole ikapanda mpaka kiunoni, imebana mwili, ya kupandia farasi. Ile ya Inverlosk nayo ilikuwa na nyayo, zilioza tu zikakatwa. Soksi, bwana! Jeshi ndilo lililokuja kuishona upya kama suruali."

Gunn alikuwa ameacha kusikiliza neno lililofuata. Pembeni ya hema binti mmoja alikuwa ameinama kuokota kijiko, na soksi zake ndefu za kutokea zilikuwa na mshono. Mshono huo ulianzia kisiginoni, ukapanda nyuma ya shavu la mguu, ukaingia chini ya sketi.

"Afande," Petrie alinong'ona, "unamkodolea macho binti wa watu."

"Soksi hushonwa nyuma," Gunn alisema.

"Eti?"

"Nyuma, Petrie! Mwalimu, njoo nikubusu! La, subiri. Ulipokuwa ndani, uliona nani?"

Mwalimu alijifuta jasho. "Kapteni tu. Alikuwa ukumbini, anapiga mluzi. Nikajificha nyuma ya saa kubwa mpaka akapita."

"Alivaa nini?"

"Trews zake, na vile viatu vyake vya kung'aa vyenye bizimu. Vililia ko, ko, ko, sakafu nzima."

Gunn alimshika Petrie mkono wakaondoka karibu wakikimbia. Njiani alisema yote kwa pumzi moja, maana yalikuwa yanamjia kwa haraka kuliko miguu. Aliyeagiza ile ya bandia alikuwa na picha ya mbele, ndiyo pekee iliyowahi kupigwa, kwa hiyo mbele ilitoka sawasawa. Nyuma hakuijua. Kabatini nyuma haionekani, gwaridani imebandikwa kwenye kitani. Basi fundi akaishona nyuma kwa namna anayoijua mtu wa jeshi, na aliyeagiza, akiwa mwanajeshi, akaona iko sahihi. Kosa lenyewe lingefanywa na mtu yeyote aliyepita jeshini.

"Hata wewe umelifanya, afande," Petrie alisema.

"Hata mimi. Nimemwita mwanamke mkweli mwongo."

Kwenye ngazi za jumba, mahali pa giza pasipotazamwa na mtu, palikuwa na mchoro wa mafuta wa babu wa kale wa Sir Ranald akipanda farasi na suruali ile ya miraba. Mchoraji alimweka mgongo ukitazama watu, labda sura haikumridhisha. Petrie aliwasha tochi. Mstari mwembamba ulipanda toka kisigino, ukalipita shavu la mguu, ukaendelea juu. Gunn aliufuata kwa kidole mpaka juu.

"Sasa iko wapi?" Petrie aliuliza. "Tumepekua vitanda, magari, mabegi, masanduku ya zumari. Nimeweka mkono ndani ya haggis, tumbo lile la kondoo lililojazwa nyama, Mungu anisamehe."

"Asubuhi alikuwa na viatu vya bizimu. Suruali yake ya asubuhi umeikuta kwenye kapu la nguo. Leo hakuna mbio za farasi, jua linawaka, na mtu amevaa buti mpaka magotini na koti mpaka kwenye buti. Petrie, leo ungeificha wapi suruali ya miraba?"

Petrie alifikiri. Kisha uso wake mpana ukafunguka wote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema polepole. "Anayo mwilini!"

*

Sir Ranald hakutaka kusikia. Gunn alimwomba pembeni, kwa heshima zote, naye akajibu kwa sauti ambayo viti vitatu vya mbele viliisikia. Kumvua nguo mtoto wa dada yake, afisa, kwa ajili ya mshono? Je, Inspekta ana hati ya hakimu? Hana. Hakimu yuko Inverness. Basi akae, ngoma ya mwisho inaanza, na dereva wa Kapteni keshawasha gari.

Gunn alitazama jukwaa la ngoma. Mbao nyeupe, zimesuguliwa. Wasichana wanne walisubiri chini yake wakiwa na viatu vyao laini vya kamba. Ngoma yenyewe ilikuwa ile ya Suruali Kuukuu, inayoanza kwa kurusha miguu kana kwamba mtu anaipiga teke suruali imtoke. Kapteni alikuwa ameweka kiti chake chini, nyasini, mbali na ngazi. Siku zote mwamuzi hukaa juu, pembeni ya mbao, azione nyayo. Na juu ya mbao zile, tangu enzi, hapandi mtu na buti.

Sheria ilikuwa Inverness, lakini desturi ilikuwa papo hapo uwanjani.

Gunn alikaa kwenye ngazi, akavua buti zake mwenyewe. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia dunia. Watu wakaanza kucheka. Akapanda jukwaani.

"Mabibi na mabwana! Ngoma hii haijawahi kuamuliwa toka nyasini. Wasichana wamefanya mazoezi mwaka mzima. Kapteni, kiti chako kiko juu huku. Vua buti, karibu!"

"Mguu wangu, Inspekta," Kapteni alisema akitabasamu. "Jeraha."

"Mwaka jana ulipanda na jeraha hilo hilo!" mzee mmoja alipaza sauti.

"Avue!" akadakia mwingine. "Apande kama watu!"

"Mimi sichezi mpaka mwamuzi apande," alisema msichana wa kwanza mstarini, mikono kiunoni, na wenzake wakatikisa vichwa kuunga mkono.

"Avue! Avue! Avue!" Uwanja mzima sasa, na mpiga zumari mmoja mtundu akaanza kuupuliza wimbo wa Suruali Kuukuu.

Sir Ranald alikuwa amechoka na siku ile. "Hew, vua tu hayo mabuti tumalize, kwa jina la Mungu!"

Tabasamu lilimtoka Kapteni. Alimtazama mjomba wake. Akatazama lango, na gari linalonguruma. Akakimbia.

Kuchechemea kote kuliisha! Aliruka kamba ya uwanja, koti likipepea, akakata katikati ya warusha magogo waliokuwa wakishindana. Jitu moja lilikuwa limeshika gogo wima viganjani, likashtuka, likaliachia, na gogo likaanguka hatua moja nyuma ya visigino vyake. Wanawake walipiga mayowe. Petrie, pipa lile, alikuwa amekwisha kukata kona toka kwenye hema la chai, na hakuna aliyewahi kuamini mtu mnene angeruka vile. Alitua kwa tumbo, akadaka mguu wa kulia kwa mikono miwili.

Buti likachomoka, likabaki mikononi mwa Petrie. Kapteni aliendelea hatua tano, mguu mmoja una buti na mwingine hauna, na mbele ya bonde zima ukaonekana mguu wenye miraba iliyopauka, nyekundu ya karne mbili, na nyuma yake mshono ukipanda toka kisigino. Kwenye shavu la mguu palikuwa na uzi wa buluu.

Warusha magogo walimkamata kwenye kamba. Walimwinua kidogo tu, miguu ikaning'inia.

"Msimburute!" Bi Effie alikuja mbio, shali imemwanguka. "Msimburute, mtaichana!" Alipiga magoti nyasini. Uso wa Kapteni hakuutazama hata kidogo. Alipapasa ule uzi kwa kidole gumba, mara moja, mara ya pili. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, mengi, bila sauti.

Kapteni alisema maneno mengi. Suruali ingekuwa yake tu siku moja, kuna mtu London anayejua thamani ya kitu, huku inaliwa na nondo na kufukizwa kama samaki. Aliyasema kwenye hema la chai, huku akivuliwa taratibu na warusha magogo wawili kwa maelekezo ya Bi Effie aliyesimama nje ya pazia. Mbona alisema mengi hivyo, na wote waliishaona? Gunn aliyaandika yote. Petrie akamfunga pingu na blanketi.

Kisha Gunn alimwendea mjane mbele ya watu, bado yuko na soksi.

"Mama, ulinieleza ukweli nikakuita mwongo. Nilikosa. Nisamehe."

"Kidole kitapata baridi hicho," alisema Bi Effie. Akampigapiga mkono, mara mbili, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Sir Ranald alikuja nyuma yake. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi. Alishusha sauti, ile ya mambo ya nyumbani.

"Rudi ndani, Rankin. Tusahau haya. Nyumba ya getini ni yako, bila shaka."

Bi Effie aliikunja suruali kwenye mkono wake, uzi wa buluu juu. Hakusogea.

"Uliponiita mwizi hukuniita pembeni, Sir Ranald," alisema. "Ulisimama kitini mwako, bonde zima likisikia."

Watu waliokuwa wakienda kwenye magari walisimama. Mtu akazima injini. Sir Ranald alitazama huku na huku, kisha akavua viatu vyake, akapanda zile ngazi za jukwaa polepole, akashika kipaza sauti. Alisema yote. Kwamba Bi Effie Rankin si mwizi, kwamba mwizi ametoka katika nyumba yake mwenyewe, kwamba yeye, mkuu wa ukoo, amemsingizia mwanamke mwaminifu mbele za watu, na anaomba radhi. Alisema kwa Kiingereza chake kizuri cha shule za kusini, sauti ikikatika mahali pawili. Alipomaliza watu walianza kupiga makofi.

Bi Effie aliinua mkono, makofi yakakoma.

"Sasa kwa Kigaeli," alisema. "Wapo wazee wa bonde la juu hapa. Nao walisikia neno mwizi."

Sir Ranald alikishusha kipaza sauti, akakiinua tena. Kigaeli alikiacha utotoni, na kila mtu alijua. Akaanza. Akakosea neno la pili, akasimama, akatafuta macho ya kumsaidia uwanja mzima, toka kwa mwalimu Nicolson mpaka kwa wapiga zumari, na hakuna aliyemtupia neno. Akarudi mwanzo, akaanza tena.